Kwa nini N ndiyo kubwa?

Leo mchana, katika karakana yetu karibu na Barabara ya Ngong, tulikuwa tukiandaa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, kwa ajili ya kompyuta kuukuu zitakazopelekwa kwenye maktaba ya mtaani.

Kijana tunayefanya kazi naye ndiye aliyekuwa akijibu maswali ya usanidi, yale ya kuchagua kipi kiingie kwenye kerneli na kipi kiachwe. Lilipotokea swali kuhusu kiendeshi (programu inayoiwezesha kerneli kutumia kifaa fulani) cha kifaa ambacho sisi hatuna, aliinua mikono kutoka kwenye kibodi akauliza, "Kaka, mbona N ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa?"

Swali hilo lilinifurahisha mno.

Katika maswali hayo N ni "hapana" na Y ni "ndiyo". Herufi kubwa huonyesha jibu litakalochukuliwa ukibonyeza Enter tu, na desturi ya Linux ni kwamba chaguo jipya huanza na "hapana" pasipokuwa na sababu nzito, ili kerneli isivimbe kwa vitu ambavyo wengi hawavihitaji. Kila mtunzi wa kiendeshi hukiona chake kuwa muhimu, lakini anayebeba uzito ni mwenye mashine ya kumbukumbu ndogo.

Hata hivyo, kupunguza nako kuna hatari zake: amri ya localmodconfig huzima moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vinapohitajika) ambazo hazijapakiwa wakati huo, ndiyo maana nilisisitiza printa na modemu zichomekwe kwanza.

Kwa maoni yangu, mfumo wa faili wa diski ya kuwashia unastahili "ndiyo" kamili, ujengwe ndani ya kerneli yenyewe.

Ninyi wenzangu mnaojenga kerneli, ni chaguo gani mngeliwekea "ndiyo" tangu mwanzo, na kwa sababu gani?