Gari la kifahari la umeme ukiwa Dodoma? Anza na chaja

Wadau, wengi mnaniuliza tuchukue BMW iX au Tesla Model X, na mimi kila mara nauliza kwanza, utachajia wapi? Ulaya na Marekani Tesla ina Supercharger zake (vituo vyake vya kuchaji haraka) kibao ndo maana watu wanaipenda, ila huo mtandao huku kwetu haupo, halafu Model X mpya za usukani wa kulia walishaacha kutengeneza, kwa hiyo hiyo naiweka pembeni kabisa.

iX toleo la xDrive50 betri yake ni kama kWh 105 (yani uniti 105 za umeme) na kwa vipimo vya Ulaya inafika hadi kilomita 630. Dodoma mpaka Dar ni kama 450, unatoboa. Ila hapo unashuka kutoka mita 1,100 hivi kwenda baharini, kurudi unapanda, AC inapuliza, watu na mizigo imejaa, betri inaliwa kweli kweli, so usipige hesabu ya kwenda tu.

Nyumbani sasa. Soketi ya kawaida ya ampea 13 inatoa kama kilowati 3, yani betri tupu itakula siku nzima na nusu hivi kujaa. Ukiwa na umeme wa fezi tatu na chaja ya ukutani ya kW 11, unachomeka jioni asubuhi limejaa. Mi nasema fundi umeme aje kwanza ndo utume hela ya gari. Na cheki plagi: gari la Uingereza linakuja na plagi ya aina ya CCS2, la China mara nyingi GB/T, haziingiliani.