Siku Moja Bosra, Nchi ya Edomu

Tulipoiacha Tafila tukashika njia kuu ya mfalme kuelekea kusini, ile ambayo Musa aliomba kupita na Edomu akakataa, nilifungua Isaya 34. Naijua sura hiyo tangu utotoni: vijito vya Edomu vitageuka lami, mavumbi yake yatakuwa kiberiti, moshi wake utapaa milele, Bwana ana machinjo Bosra. Kanisani kwetu Mombasa tuliiitikia kwa "Amina" nzito. Edomu lilikuwa jina la adui, basi.

Bosra siku hizi ni Busaira, kijiji cha Jordan. Magofu yako ukingoni, juu ya kilima kilichozungukwa na makorongo karibu pande zote. Nilikuta kuta za mawe, nyingine hazipiti goti, na mbuzi wakitafuta majani katikati yake. Crystal Bennett, mwanaakiolojia Mwingereza, alianza kuchimba hapa mwaka 1971 akafukua majengo makubwa ya watawala. Nikaketi juu ya jiwe, Biblia mapajani.

"Unasoma nini, ya akhi?" dereva aliniuliza. Mzee wa watu, tangu asubuhi ananiita hivyo: ndugu yangu. Pwani kwetu neno hilo tumelifanya "yakhe". Nikamweleza kwa Kiarabu kidogo nilichonacho. Akayatazama mawe, akauliza, "Kwani walifanya nini?"

Jibu liko kwa Obadia, kitabu cha aya 21 tu. Edomu ni Esau, pacha wa Yakobo. Wababeli walipoiangusha Yerusalemu, mwaka 586 KK, Edomu alisimama kando akifurahi, akatia mkono kwenye mali ya nduguye, akakaa njia panda kuwakatia njia waliokimbia. Zaburi 137 inawasikia wakipaza sauti: bomoeni, bomoeni hata misingi! Nilipokuwa nikimsimulia ndipo nilipoisikia vizuri hasira ile. Mgeni hachukiwi hivyo. Huo ni uchungu wa mtu aliyeuzwa na wa tumbo moja naye. Na Torati yenyewe, Kumbukumbu 23, inaagiza Mwedomi asichukiwe, kwa kuwa ni ndugu. Aya hiyo sikumbuki kuisikia ikihubiriwa hata mara moja, na inaniuma.

Hata hivyo machinjo yale hayakunishuka. Waliolala ndani ya kuta hizi, wanawake na watoto wao, ni wangapi waliosimama njia panda? Niliomba pale pale, kwa sauti, wala sikuomba nielewe, niliwaombea wao.

Tukirudi, dereva alikata kona bila kuambiwa akanipeleka Sila, jabali kubwa lililosimama peke yake. Obadia anamwambia Edomu kwamba hata akiweka kiota chake kati ya nyota atashushwa. Ukilitazama jabali hili unaelewa kwa nini mtu angejiona hafikiki. Alininyooshea kidole mpaka nikaiona, juu sana, sanamu iliyochongwa usoni mwa mwamba: mfalme amesimama na fimbo yake, mwezi na jua mbele yake. Wataalamu wanamtambua kuwa ni Nabonido wa Babeli, aliyepita huku na jeshi lake kwenye mwaka 553 KK.

"Babeli?" akauliza mzee. "Wale waliobomoa Yerusalemu?"

"Hao hao, ya akhi."