Viatu vya usalama kwa zamu ya saa 12: nilivyochagua mpaka miguu ikatulia

Ushauri unaotolewa kuliko mwingine wote kuhusu viatu vya usalama ndio mbovu kuliko yote: "Chukua tu, vitalegea." Ngozi italegea, sawa. Soli nayo italainika kidogo. Lakini lile gamba la mbele linalofunika vidole halilegei ng'o. Kwenye EN ISO 20345, kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, gamba hilo hupimwa kwa pigo la jouli 200 na mgandamizo wa kilonewtoni 15, na bado linatakiwa libakize nafasi ya vidole ndani. Sasa kidole chako cha mwisho kitalitanua kwa nguvu ipi? Kikigusa dukani, kitagusa mpaka siku unavitupa.

Mimi kazi yangu ni kusimama na kutembea juu ya zege zamu nzima, na leo natoka kazini sina lengelenge wala sugu. Najisifu, ndiyo. Na aliyeniokoa si "soli laini kama godoro" wanayoisifia wauzaji. Ni vitu viwili: nafasi ya vidole chini ya gamba, na mahali kiatu kinapokunjikia.

Napima mguu jioni, baada ya kazi, kwa sababu kufikia saa hizo umevimba, na mguu uliovimba ndio utakaokaa ndani ya kiatu nusu ya pili ya zamu. Navaa soksi zilezile za kazini, nasimama juu ya kadibodi, uzito wote mguuni, na mtu mwingine ananichorea. Ukiinama kujichorea mwenyewe uzito unahama na mchoro unakudanganya. Penseli isimame wima. Ikilala ndani, umejipunguzia upana bila kujua. Chora miguu yote miwili, kwa watu wengi mmoja ni mkubwa, na kiatu kinachaguliwa kwa huo mkubwa. Kata kadibodi kwenye mstari, na hiyo ndiyo unayokwenda nayo dukani.

Dukani natoa kwanza soli ya ndani na kuilaza kadibodi juu yake. Kadibodi ikichomoza pembeni, hasa kwenye mzizi wa kidole gumba au upande wa kidole cha mwisho, kiatu nakirudisha bila kukivaa. Kama soli ya ndani imegandishwa, naisukuma kadibodi ndani ya kiatu: kingo zikijikunja kwenda juu, ni chembamba. Muuzaji atakuangalia kama umechanganyikiwa. Mwache aangalie.

Urefu una utata wake, maana kwenye kiatu cha kawaida unabonyeza mbele kwa kidole ukajua nafasi iliyobaki, na hapa unabonyeza gamba gumu. Fungua kamba zote, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse gamba, kisha jaribu kupitisha kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino. Kikipita bila kulazimisha, una kama milimita 10 hadi 15. Hapo panatosha.

Kimo chini ya gamba ndicho kitu ambacho hakuna anayekipima, na ndicho kinachochubua vidole kwa juu. Ukisimama huoni tatizo. Chuchumaa, kiatu kikunjike, ukingo wa nyuma wa gamba unashuka na kukandamiza viungo vya vidole. Ujanja wangu ni plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto. Nachukua kitonge cha ukubwa wa njegere, nakifunga ndani ya kipande cha mfuko wa plastiki kisichafue kiatu, nakibandika chini ya ukingo ule wa gamba, juu ya kidole gumba. Kingine nakiweka juu ya kidole cha mwisho. Navaa taratibu, nafunga kamba, nachuchumaa, napiga magoti, napanda na kushuka ngazi. Halafu nakivua na kuangalia vitonge. Kikiwa kimebaki na unene wa sarafu kadhaa, salama. Kikiwa kimekuwa karatasi, kiatu hicho kitakula ngozi yako kabla ya mapumziko ya kwanza. Nimeona viatu vilivyosifiwa na kila mtu vikianguka mtihani huu, na vile vya bei ya kawaida tu vikifaulu.

Hapo ndipo mshauri mwingine anaibuka: "Ongeza saizi moja, vaa soksi mbili." Kwenye vipimo vya Ulaya saizi moja ni kama milimita 6.7 za urefu, na upana unaongezeka kidogo sana. Mwenye mguu mpana akiongeza saizi amepata urefu asiouhitaji. Kiatu sasa kinakunjika mbele ya pale mguu unapokunjika, kisigino kinanyanyuka kila hatua, mguu unateleza mbele kwenye mteremko, na soksi mbili zinasuguana zenyewe kwa zenyewe. Mwisho wake malengelenge kisiginoni na kucha nyeusi. Dawa ya mguu mpana ni kiatu kipana: watengenezaji wengine hutoa saizi ileile kwa upana tofauti, na namba au herufi ya upana huandikwa kando ya saizi. Iulizie.

Kukunjika, kijaribu kwa mikono. Bana kisigino mkono mmoja na pua mkono wa pili, kisha kunja. Kiatu kizuri kinakunjika pale chini ya mizizi ya vidole. Kikikunjika katikati ya wayo, hakina uti, na upinde wa mguu wako ndio utakaofanya kazi hiyo saa zote. Kisipokunjika kabisa, mara nyingi kina bamba la chuma la kuzuia misumari. Bamba la kitambaa kigumu linakunjika vizuri na linafunika wayo mzima hadi kingoni, ila msumari mwembamba hulipenya kirahisi kuliko chuma. Ndiyo maana toleo la 2022 la kiwango kile cha EN ISO 20345 limetenganisha alama: P ni bamba la chuma, PL ni lisilo la chuma lililopimwa kwa msumari wa milimita 4.5, na PS ni lisilo la chuma lililopimwa kwa msumari wa milimita 3. Kwenye viatu vya daraja la S3, ambalo nalieleza sasa hivi, utaona vivyo hivyo S3L na S3S.

Kwa kuwa tumefika kwenye alama za daraja la kiatu: S1 ni cha sehemu kavu, S2 kinaongeza ngozi inayozuia maji kupenya, S3 kinaongeza kizuizi cha misumari na soli yenye meno. Mtu wa ghala kavu lenye sakafu safi anayevalishwa S3 anabeba uzito na joto asilolihitaji. Hilo mwambie msimamizi wako kwa heshima, lakini mwambie. Kama mazingira yanataka S3, hapo hakuna mjadala. Kuhusu utelezi, tafuta SR kwenye viatu vipya au SRC kwenye vya toleo la zamani.

Gamba la chuma au la kompositi, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi? Yote yanapita mtihani uleule. Kompositi ni jepesi na halipitishi baridi, lakini kuta zake ni nene, kwa hiyo ama pua ya kiatu inakuwa kubwa, ama nafasi ya ndani inapungua. Aluminiamu ni nyembamba na nyepesi, na mfuko ndio utakaolalamika. Mimi sina upande. Plastisini ndiyo inayoamua.

Soli za jeli za kuongezea ndizo zinazonikera zaidi. Mtu ana kiatu kinachobana, anaambiwa aweke jeli. Jeli inainua mguu, vidole vinapanda kugonga gamba, na kisigino kinatoka kwenye kikombe chake. Amelipia kuongeza maumivu. Ukitaka kubadilisha soli ya ndani, itoe ile ya zamani kwanza, na mpya isiizidi unene. Kingine: kiatu kilipimwa kikiwa na soli yake. Kama kazi yako inahitaji kiatu cha kuondoa umeme tuli, soli ya kuokoteza inaweza kukata njia ya umeme huo kwenda chini, kwa hiyo chukua iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa kiatu hicho. Na usidanganywe na ulaini: bonyeza soli kwa dole gumba, ukigusa sakafu ya kiatu mara moja, povu hilo litakuwa bapa ndani ya wiki chache. Nataka lile linalokataa kidogo halafu linarudi.

Kisigino kikicheza wakati vidole viko sawa, usibadilishe saizi, badilisha ufungaji. Gonga kisigino chini kiingie nyuma kabisa. Funga kamba kawaida mpaka tundu la pili kutoka juu. Kila kamba irudishe kwenye tundu la mwisho la upande uleule ili lifanyike kitanzi kidogo. Vusha kamba ya kulia ipite kitanzi cha kushoto, na ya kushoto ipite cha kulia, vuta kuelekea chini, funga. Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka aruke tundu moja pale panapouma.

Soksi ziwe za sufu au mchanganyiko wenye nailoni. Pamba tupu inafyonza jasho na kukaa nalo, ngozi inalowa na kuchunika. Ndiyo, sufu hata kwenye joto.

Ukiweza, miliki jozi mbili na uzibadilishane. Jasho la zamu nzima halikauki usiku mmoja, na kiatu chenye unyevu ni nyumba ya fangasi. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka penye hewa. Usianike karibu na moto, gundi inaachia na ngozi inakakamaa.

Lakini jozi ya akiba usiiweke stoo miaka. Soli za poliyurethani, aina ya plastiki, huoza kwa unyevu wa hewa hata kama hazijavaliwa, siku ya kuvaa zinamomonyoka vipande. Tarehe ya kutengenezwa kwa kawaida iko kwenye lebo ya ulimi, kwa hiyo isome kabla ya kulipa, hasa ukiona bei imeshushwa bila maelezo. Na kiatu ambacho gamba lake limeshapokea kitu kizito, hata kama kwa nje kinaonekana kizima, kinaondoka kazini siku hiyohiyo.