Miaka saba na jiko la chuma cha kusubu mjini Lamu

Jiko langu la kuni nililinunua kwa mgeni aliyekuwa akihama nyumba yake Malindi, wakati nilipokuwa nimechoka kuoka mikate ya mayai ya wateja kwa kupalia makaa juu na chini. Lilikuja kwa lori hadi Mokowe, likavushwa kwa mashua, na kutoka gatini likabebwa na hamali wanne kwa mti, maana kumtwika punda mzigo ule ningeona haya.

Aliyeniuzia alisema litanizika mimi. Hakukosea sana, ila alisahau kwamba nakwenda kuliweka mita mia moja kutoka baharini. Chuma cha kusubu, yaani kile kinachoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kina kaboni ya kiasi cha asilimia 2 hadi 4, na kwa hiyo hustahimili moto wa miaka bila kupinda kama bati. Lakini hakina unyumbufu hata kidogo, na kikishindwa hupasuka.

Hasara ya kwanza niliipata jiko likiwa baridi. Katika msimu wa kusi nilifunga nyumba kwa wiki tatu, nikaliacha na jivu lake ndani. Niliporudi, jivu lilikuwa limefyonza unyevu wa chumvi hadi likashikana kama chokaa mbichi, na wavu wa kushikilia kuni ulikuwa umeliwa chini kiasi cha kumeguka kwa vidole. Tangu hapo, nikijua sitawasha kwa siku kadhaa, jivu huondoka lote, hutia brashi kwenye pembe, na mlango huuacha wazi kidogo ili hewa ipite. Kuni zangu sasa ni za mvinje zilizokaushwa chini ya paa. Mbao za majahazi mabovu, ambazo ni za bure na hutoa mwali mzuri wa kijani, nimeziacha kabisa, kwa sababu chumvi iliyomo ndani yake hubaki katika chuma baada ya mwali kuzimika.

Kutu ya nje niliisugua kwa brashi ya waya na msasa, kisha nikapaka mafuta ya nazi, kama tupakavyo kila kitu hapa kwetu. Hayakukauka. Yalibaki yakinata, yakashika vumbi, na jiko lilipowashwa likafuka moshi. Jirani yangu, fundi wa majahazi, alinishauri nipake sifa, yaani mafuta ya papa; ningemsikiliza, lakini nani atanunua mkate unaonuka papa? Kilichofaa ni mafuta ya kitani, yaliyopakwa kwa kitambaa, kwa wembamba kiasi cha kuonekana kama yamefutwa, kisha moto mdogo wa saa moja, mara tatu.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Jioni moja niliitwa mazikoni, na kwa haraka nikamwagia kata ya maji baridi kwenye moto uliowaka. Nilisikia mlio kama kisahani kikivunjika, na ubavuni pakatokea ufa wa urefu wa kiganja. Fundi wa kuchomelea aliuziba kwa vijiti vya kawaida, na kabla hajakusanya vyombo vyake ufa ukafunguka upya kandokando ya kiungo. “Bibi, chuma hiki hakitaki moto wangu,” akasema, akakataa malipo. Baadaye nilielewa kwamba kazi hiyo huhitaji vijiti vya nikeli, kupasha chuma kwanza, na kukipoza polepole.

Tuliishia kutoboa tundu dogo katika kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, tukafunga kiraka cha bamba kwa boliti nne, huku matundu ya bamba yakiwa marefu kidogo ili chuma kipate nafasi ya kutanuka, na chini yake tukapaka saruji ya kuhimili moto. Siku iliyofuata niliwasha vijiti viwili tu vya kuni. Nilichora mstari wa chaki mwishoni mwa ufa, na kila mwezi, nikimaliza kujaribu mlango kwa kuubana na kipande cha karatasi ili nione kama kamba ya kuziba ukingoni mwake bado inashika, naupiga jicho ule ufa. Huu ni mwaka wa tatu, na ufa haujavuka chaki.