Mama alitaka herufi zitoke ukutani

Mama mmoja mwenye saluni huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi, aliniagiza bango la mita 3, neno moja tu: UREMBO, rangi ya shaba. "Papa, nataka herufi zitoke ukutani," akasema (papa kwetu ni baba), vidole vikivuta hewani kama mtu anayeng'oa msumari. Yaani zionekane zina kina. Nikamwambia ni kazi ya jioni moja. Nilijuta.

Natumia Inkscape, programu ya bure ya kuchora iliyopo tangu 2003. Zile za kulipia kila mwezi siziwezi. Jaribio la kwanza nilifanya kivivu: nikaandika neno, nyuma yake nikaweka kivuli chenye ukungu, nikapeleka PDF kwa wachapaji. Kwenye skrini kivuli kilikuwa laini kama moshi. Kwenye bashi, yaani turubai, kikatoka viraba viraba. Ukungu ule si mistari. Ukihifadhi PDF, programu huugeuza kuwa picha ya nukta, na nukta chache zikivutwa hadi mita 3 kila moja huwa kigae. Isitoshe, fonti yangu haikuwemo kwenye mashine yao, wakaweka wanayoijua wao. Bashi ile nililipa mimi.

Mara ya pili nikaanza na Ctrl, Shift na C, ili maandishi yageuke kuwa njia, yaani michoro ya mistari tu. Hapo hakuna tena fonti ya kupotea (kosa la tahajia nalo hulirekebishi, kwa hiyo soma neno lako kwanza). Nikatenganisha herufi, nikaipa kila moja athari ya mwendo (kwenye programu inaitwa Motion): unataja umbali na pembe, nayo inajenga kuta za pembeni. Tatizo ni kwamba kuta zote hutoka na rangi moja, na herufi inabaki kama donge la ugali.

Baba mdogo, aliyekuwa akiandika maduka ya Kamalondo kwa brashi, hakufungua kopo la rangi kabla ya kuuliza jua liko wapi. Mimi jua nililiweka juu kushoto. Basi kuta zinazotazama kulia nikazipa kahawia, zinazotazama chini nikazipa kahawia karibu na nyeusi, na uso wa mbele ukabaki na shaba yake. R ilinichelewesha hadi umeme ukakatika. Kwa nje unaona kuta zake za kulia na za chini, lakini ndani ya lile tundu lake mambo yanageuka: unaona ukuta wa juu na wa kushoto. Ukikosea hapo, jicho linakataa herufi nzima hata kama mtazamaji hajui sababu.

Nikampelekea mama picha kwenye simu. "Papa, hii maandishi haisomeke." Kweli. Kina nilikipa robo ya urefu wa herufi, M ikaimeza B. Nikashusha hadi sehemu moja ya kumi, nikazipanua nafasi kati ya herufi, na pembeni mwa kila uso nikapitisha mstari mwembamba wa rangi ya maziwa.

Bango limetundikwa tangu Jumamosi. Sasa mama anataka na namba ya simu itoke ukutani. Tarakimu za kimo cha kidole, mtu anazisoma akiwa kwenye teksi! Namba nimeiacha bapa, na bado tunabishana.