Maji safi, kitambaa kichafu

Sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, niliyomwagia maji yaliyochujwa kwa kitambaa changu ilitoka kwenye inkubeta (kabati la joto) ikiwa safi, hata koloni moja, yaani doa la bakteria walioota, hakuna. Nikaanza kucheka peke yangu. Dada mmoja aliyenitangulia maabara akaitazama, akaniuliza, "Na kitambaa chenyewe umekiotesha, mdogo wangu?"

Sikuwa nimekiotesha. Nilikilaza juu ya agari, kikakaa usiku mzima kwenye nyuzijoto 37. Asubuhi nilipokibandua, chini yake pameota madoadoa kama harara mgongoni mwa mtoto. Kumbe E. coli wangu, bakteria wa utumbo niliokuwa nawachuja, walikuwa wamenaswa tu, wazima wa afya.

Kitambaa hicho nilikisokota mwenyewe. Unajaza sirinji myeyusho wa polima (molekuli ndefu kama minyororo), unaunganisha sindano na umeme wa kilovolti 15 hivi, na mbele unaweka foili ya alumini. Tone linavutwa mpaka linachongoka kama pia, kisha uzi unachomoka nchani, haufuatiki kwa macho. Siku yenye unyevu mwingi hewani nyuzi zangu hutoka na shanga shanga, na siku hiyo bora ushinde unaosha vyombo. Zikitoka vizuri huwa na unene wa nanomita 300 hivi. Unywele wa kichwani hufika 70,000 kwa urahisi, na E. coli mmoja ana urefu wa nanomita 2,000. Kwake yeye kitambaa changu ni kichaka cha fito: anakwama, lakini kukwama hakumuui.

Kuua nilikuwa nimemwachia kitosani, kemikali itokanayo na magamba ya kaa, niliyoipaka juu ya nyuzi. Ukuta wa bakteria una chaji hasi, kitosani ina chaji chanya, basi nikajua imekwisha. Nilichosahau ni kwamba kitosani hubeba chaji hiyo kwenye asidi. Maji yangu yalikuwa na pH 7, yaani si asidi wala besi, na hapo sehemu kubwa ya chaji imeshapotea. Nilikuwa nimeweka mlinzi aliyelala.

Nikahamia kwenye amonia kwatenari, kemikali nyingine ya kuua bakteria, ambayo chaji yake haijali pH, nikaifunga kwenye uzi kwa kemia badala ya kuipaka tu. Ina mkia mrefu wa kaboni unaojipenyeza kwenye utando wa bakteria na kuuvuruga, vya ndani vikavuja. Safari hii chini ya kitambaa palikuwa peupe, na pembeni bakteria wameota mpaka ukingoni kabisa.

Mwenzangu mmoja, mtu wa fedha (madini, si noti), alisikitika: "Mbona hakuna duara?" Kitambaa chake cha fedha huacha duara pana lisilo na bakteria, na linapendeza kwenye picha. Lakini duara maana yake ioni za fedha (atomi zake zenye chaji) zimetoka kwenye uzi na kusambaa. Kwenye bandeji sawa. Kwenye chujio la maji, mimi sitaki dawa inayoondoka na maji.

Nisijisifu mno, kwa sababu kitambaa kilipotumika mara ya tatu harara ilirudi. Maiti za bakteria wa mwanzo zimelala juu ya nyuzi na kufunika chaji, kwa hiyo wageni wanatua juu ya wafu bila kuguswa. Kesho nakisuuza kwa maji ya chumvi kali nione kama watabanduka. Dada ameshaandaa sahani sita, na mbili ameziandika kabisa kwa kalamu nyekundu: KITAMBAA.