Kikombe cheupe cha bibi kwa rangi za maji

Kikombe chenyewe ni cha bati, cheupe, mdomo wake umezungushiwa mstari wa buluu, na karibu na mkono pamebanduka, kutu imeingia. Hapa kwetu Tanga kimenywewa chai na familia nzima. Nilitaka kukichora kwa rangi za maji, na kwa wiki kadhaa kilinishinda.

Kwanza karatasi. Nilikuwa natumia ya kuchapia, ambayo ikipata maji tu hujikunja na rangi ikakimbilia mabondeni. Nikajinyima, nikanunua vipande vichache vya karatasi nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba.

Lakini kilichonipotezea muda hasa ni kuhangaika na rangi nyeupe. Katika rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe. Kikombe hukipaki, unapaka kivuli chake, kwingine unapaacha patupu. Nilipolielewa hilo, asubuhi moja nilikaa nikakitazama muda mrefu bila kushika brashi. Upande wa kivuli, ambao siku zote niliuchora kijivu, haukuwa kijivu hata kidogo! Kikombe kilikaa juu ya kanga nyekundu, na wekundu wake ulikuwa umepanda ubavuni kwa chini. Juu yake ukatanda ubuluu mwepesi wa mwanga wa dirishani. Nikalowesha ubavu ule, nikagusisha ultramarini, yaani buluu iliyokolea, iliyozimuliwa sana kwa maji, na chembe ya kahawia, chini nikatia nyekundu, nikaziacha zikutane zenyewe.

Kisha kungoja. Msimu wa masika hewa ya pwani ina unyevu, rangi inachelewa kukauka, na karatasi mbili niliziharibu kwa kuongeza maji rangi ikiwa bado mbichimbichi: hutokea doa lenye kingo za kuparaganyika, na kulitoa ni kazi. Siku hizi naigusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa na ubaridi, naiacha.

Kutu niliiweka mwisho, tone moja la kahawia nzito kwenye unyevu kidogo, likasambaa lenyewe pembeni kama kutu halisi inavyokula bati.

Bibi alipoletewa picha hakuuliza ni nini. Aliweka kidole palepale penye kutu, akasema, "Hapa ulikiangusha wewe, mjukuu wangu, siku ya kwanza uliponiletea chai."